Mpangilio wa Maneno

Sentensi nimeipanga kwa miaka kumi na mmoja,
tangu nichukue kibali pale Saginaw
na mwalimu wetu, Lonnie Tuggle, akatuambia:
Sheria ya jimbo hili haingoji uulizwe.
Ukisimamishwa, sema. Hapo hapo.
Ila angalia unaanza na neno gani.
Akanitazama mimi, akazungusha kalamu:
Watu wa rangi yetu husikilizwa neno la kwanza tu.

Kwa hiyo "bastola" isitangulie.
Kwanza salamu. Kisha karatasi.
Kisha mahali: nyonga ya kulia, chini ya koti.
Kisha swali: ungependa nifanye nini?
Na mikono muda wote juu ya usukani,
vidole vimenyooka
kama vya mtu anayekausha rangi ya kucha.

Nimeifanyia mazoezi bafuni.
Nimeifanyia mazoezi katika vyumba vya chini vya watu
nikisubiri boila zao zipate moto,
kwa sauti nzito, kwa sauti nyepesi,
kwa sauti niliyoazima kwa shemeji yangu auzaye bima.
Arletta alinicheka mara moja tu.
Halafu akakaa ukingoni mwa beseni, akasema:
Rudia.

Jana usiku, barabara ya Dixie, theluji nyembamba,
taa za buluu zikajaa kwenye kioo.
Taa yangu moja ya breki imekufa. Nilijua.
Nilisema nitaitengeneza Ijumaa.
Nikazima injini, nikawasha taa ya ndani,
nikashusha vioo vyote vinne;
baridi ikaingia kama mwenye nyumba.
Nyuma yangu Junia, miaka sita,
amepakata viatu vyake vya kutelezea barafuni.

Askari alikuwa kijana. Kifuani: Wieczorek.
Tochi yake ikapita usoni, ikashuka mikononi, ikatulia.

"Habari za usiku, afisa. Kabla hatujaendelea,
kwa mujibu wa sheria napenda kukuarifu
kwamba nina kibali cha—"

"Baba ana bastola!"

Junia, kwa sauti ile ile
aliyomtangazia mwalimu kwamba jino limeng'oka.

Heri kujikwaa dole.

Gari moja likapita. La pili.
Mkono wa kijana ukashuka kiunoni,
na hapo nikaona kwamba kiuno chake na changu
vimebeba kitu kimoja,
ila chake hakihitaji kujieleza.

Sikugeuka kumtazama mwanangu.
Shingo nayo inaweza kueleweka vibaya.
Nikaiokota sentensi pale ilipokatikia:
"—cha kubeba silaha. Iko nyonga ya kulia.
Sitaigusa. Mikono yangu unaiona.
Ungependa nifanye nini?"
Hakuna neno lililohama mahali pake.
Sauti tu ndiyo haikuwa yangu,
labda ya marehemu baba,
ambaye hakuwahi kumiliki hata manati.

Pumzi ya askari ikawa wingu, wingu likavunjika.
"Sawa," akasema. "Wewe usiiguse yako,
nami sitaigusa yangu."
Akacheka kidogo.
Nami nikacheka,
kicheko nilichokitoa kama mtu anavyotoa leseni:
polepole, akitangaza kila hatua.

Karatasi ya onyo. Faini hakuna. Tengeneza taa.
Mkono wake ulipokuwa ukiandika ulitetemeka.
Sitaki kulikumbuka hilo, lakini nalikumbuka.

Nikasimama kituo cha mafuta, pampu namba tatu,
tangi likiwa limejaa.
Vidole vilikataa kuachia usukani.

"Nilisema vibaya?"

Nikamwambia, "Umesema kweli."
Nikamwambia, "Ila."
Na sentensi hiyo, ambayo sijawahi kuipanga,
ikakwama kwenye neno lake la kwanza.

Junia akangoja. Akachoka kungoja.
Akanyoosha mkono katikati ya viti
akanipa glavu yake moja, ya waridi.
Haikunipita hata kidole gumba.
Nikaivaa.